Takwimu za Pombe na Mihadarati Mashambani: Mwongozo Kamili kwa Anayezitafuta Akiwa Nairobi

Watu wanaoniandikia kuhusu jambo hili hufika wakiwa wamechoka tayari. Mmoja ni mwanafunzi wa uzamili, mwingine katibu wa kikundi cha kijamii anayeandaa ombi la ufadhili, mwingine mwanahabari aliyebanwa na mhariri. Wote wametafuta kitu kile kile: asilimia ya vijana wanaokunywa chang'aa katika lokesheni fulani. Hawakuipata. Na kwa kuwa makataa ni kesho, wakachukua asilimia ya taifa zima wakaibandika kijijini, kazi ikarudishwa imejaa wino mwekundu.

Hawakuipata kwa sababu tafiti za kitaifa hazishuki hadi lokesheni. Kilichopo ni vipande: utafiti mmoja unaishia kwenye eneo, yaani mkoa wa zamani, mwingine unafika kaunti, rejista ya hospitali inajua waliofika hospitalini tu, na polisi wanajua waliokamatwa tu. Kazi yako ni kujua kila kipande kinapima nini, halafu kuvikalisha pamoja bila kuvilazimisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta, au simu yenye nafasi ya kutosha. Ripoti hizi ni PDF za mamia ya kurasa, kwa hiyo zipakue ukiwa mahali penye waifai. Bando la shilingi hamsini halitakufikisha popote.
- Lahajedwali lenye safu saba: chanzo, mwaka wa kukusanya data, umri wa waliohojiwa, eneo, kilichopimwa, nambari, ukurasa. Safu ya ukurasa ndiyo watu huiruka, na ndiyo watakayoililia baadaye.
- Nakala ya kitambulisho, kwa ajili ya ombi rasmi katika Hatua ya 7.
- Muda. Siku tatu za kusoma, na angalau wiki tatu za kusubiri majibu ya ofisi. Kama una wiki moja tu, tuma barua ya Hatua ya 7 leo, ndipo urudi Hatua ya 1.

## Hatua ya 1: Andika swali lako upya

"Hali ya ulevi mashambani" si swali. Swali linalojibika lina vitu vinne: nani, wapi, amekunywa au kutumia nini, na katika muda gani.

Mfano: ni wanaume wangapi wenye miaka 18 hadi 35, katika kaunti ndogo ya Mwea Magharibi, waliokunywa pombe ya aina yoyote katika siku 30 zilizopita?

Muda ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tafiti huuliza mambo matatu tofauti: je, umewahi kutumia maishani, umetumia katika miezi 12 iliyopita, umetumia katika siku 30 zilizopita. Mzee aliyeonja busaa kwenye harusi mwaka 1988 na hajarudia tena anahesabiwa katika swali la kwanza, lakini la tatu linamwacha nje. Ukichanganya majibu ya maswali haya, unaweza kukifanya kijiji kizima kionekane kimelewa.

Tenganisha pia matumizi na uraibu. Anayekunywa chupa moja Jumamosi ni mtumiaji. Uraibu hupimwa kwa vigezo. Mwongozo wa DSM-5, ambao madaktari wa akili hutumia kutambua magonjwa, una dalili 11, na mtu huhesabiwa kuwa na tatizo akiwa na mbili au zaidi ndani ya miezi 12: mbili au tatu ni hali nyepesi, nne au tano ni ya kati, sita na kuendelea ni kali. Dodoso la AUDIT, la kupima unywaji wa pombe, lina maswali 10, na alama 8 kwenda juu ni ishara ya unywaji wenye hatari. Ripoti ikisema "matumizi mabaya", tafuta imetumia kipimo gani. Kama haisemi, iandike kwenye lahajedwali kuwa ni matumizi, basi.

Orodhesha na majina ya vitu vyenyewe. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na chang'aa, busaa, muratina na mnazi mara nyingi hufungwa pamoja chini ya "traditional brews", huku vileo vya bei nafuu vya kwenye chupa vikienda safu nyingine. Muguka nao wakati mwingine humezwa ndani ya miraa. Msomaji wa Embu hatakusamehe ukivichanganya.

Utajuaje umefaulu: mpe swali lako mtu asiyejua lolote kuhusu kazi yako. Kama hana la kukuuliza, songa mbele.

## Hatua ya 2: Anza na NACADA, lakini usiishie hapo

NACADA ndiyo mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na ilipewa nguvu za kisheria mwaka 2012. Imefanya tafiti za kitaifa mwaka 2007, 2012, 2017 na 2022. Ripoti za karibuni ziko kwenye tovuti yake. Anayetaka kuwauliza ana kwa ana anaweza kwenda makao yao katika jengo la NSSF, Bishops Road.

Pakua ile ya 2022. Iliangalia watu wa miaka 15 hadi 65, na ikaona kwamba mmoja kati ya sita anatumia angalau kileo kimoja. Pombe ilikuwa asilimia 12.2, tumbaku 8.5, miraa 3.6 na bangi 1.9. Hizi ndizo nambari ambazo kila mtu hunakili.

Zako ziko kurasa za ndani, kwenye majedwali yanayogawa watu kwa eneo, jinsia, elimu, na kwa mjini na mashambani. Fungua PDF, bonyeza sehemu ya kutafuta, andika "rural", upite mstari kwa mstari. Usisome muhtasari tu. Muhtasari huandikwa kwa ajili ya waziri na magazeti.

Hapa kuna mtego ambao watu wa Nairobi hunaswa nao sana. Tumezoea kusikia kwamba mambo yameharibika Mlima Kenya, hivyo tunaanza utafiti wetu tukiwa na jibu mfukoni. Katika ripoti ya 2022 eneo lililoongoza kwa pombe lilikuwa Magharibi, asilimia 23.8, likifuatwa na Pwani kwa 13.9, kisha Kati kwa 12.8. Ukitaka kuandika kuhusu Murang'a, andika, lakini usiseme ndiko kunakoongoza kwa sababu tu ndiko kamera zinakoenda.

Onyo: "Magharibi" hapo ni eneo lote la uliokuwa mkoa, yaani Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga kwa pamoja. Huwezi kuandika kwamba "asilimia 23.8 ya watu wa Bungoma wanakunywa". Inawezekana Bungoma iko juu ya hapo, inawezekana iko chini. Ripoti haikuambii.

Onyo la pili: angalia lugha ya ongezeko. Bangi ilitoka asilimia 1.0 mwaka 2017 hadi 1.9 mwaka 2022. Gazeti likisema imeongezeka kwa asilimia 90, limesema kweli. Ukisema imeongezeka kwa pointi 0.9, nawe umesema kweli. Msomaji anayeona "asilimia 90" peke yake ataenda zake akiamini vijana tisa kati ya kumi wanavuta. Andika nambari zote mbili za mwanzo na mwisho, umwachie aone mwenyewe.

## Hatua ya 3: Shuka hadi kaunti kupitia KNBS

Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, ndilo lenye KDHS, yaani uchunguzi wa idadi ya watu na afya. Ule wa 2022 ulipangwa ili utoe makadirio kwa kila moja ya kaunti 47. Ndiyo sababu ninaupenda: eneo ambalo katika ripoti ya NACADA limeunganisha kaunti nne, hapa unaziona zote nne kila moja peke yake.

Watu wengi hudhani KDHS ni mambo ya uzazi na chanjo. Ndani yake kuna maswali ya tumbaku na pombe. Kuna pia sehemu ambayo mara chache mtu huigusa: maswali ya ukatili wa nyumbani, ambamo mwanamke huulizwa kama mumewe hunywa na hulewa mara ngapi. Kwa anayeandika kuhusu athari za pombe kwa familia za mashambani, jedwali hilo lina uzito kuliko asilimia ya wanaokunywa, maana linatoka kwa mtu anayeishi na mnywaji.

Ukitaka kuchambua data ghafi mwenyewe, tafuta hazina ya KNBS iitwayo KeNADA. Unajiandikisha, unaeleza unataka kuitumia kwa nini, kisha unaomba faili. Kama hujawahi kushika programu ya takwimu, tafuta anayejua. Data hizi zina uzani wa sampuli, yaani kila aliyehojiwa huwakilisha idadi tofauti ya watu, na asiyejua kuutumia atapata majibu yaliyopinda.

Ongeza tafiti mbili za zamani kidogo. STEPS ya 2015, kuhusu maradhi yasiyoambukiza, iligundua kuwa asilimia 19.3 ya watu wazima walikuwa wanywaji wa wakati huo. GATS ya 2014, kuhusu tumbaku, ilipata asilimia 11.6 wanaitumia. Zote zina mgawanyo wa mjini na mashambani.

Sasa utauliza: mbona STEPS inasema 19.3 na NACADA inasema 12.2? Mtu wa pupa hudai mmoja amedanganya. Tazama umri kwanza. NACADA ni miaka 15 hadi 65. STEPS ni 18 hadi 69. KDHS ya 2022 ni wanawake wa 15 hadi 49 na wanaume wa 15 hadi 54. GATS ni kuanzia 15 bila kikomo. Ukiwaondoa wenye miaka 15 hadi 17, ambao wengi hawanywi au hawasemi, asilimia inapanda. Ongeza tofauti ya swali, mwaka na mhojaji, na utaona kwamba nambari hizi hazikuwahi kupima kitu kimoja.

Utajuaje umefaulu: lahajedwali lako lina angalau mistari mitano, na safu ya umri imejazwa yote.

## Hatua ya 4: Pima kama sampuli inabeba mzigo unaoitwisha

Hatua hii ina hesabu kidogo. Usiikimbie, ndiyo itakayokuokoa mbele ya jopo.

Chukua mfano wa kubuni. Utafiti umehoji watu 3,000 nchi nzima. Wagawe kwa kaunti 47, kila kaunti inabaki na watu kama 64. Tuseme 8 kati yao walisema wanakunywa, ambayo ni kama asilimia 12. Kwa sampuli ndogo kiasi hicho, ukingo wa makosa ni karibu pointi 8 kila upande. Maana yake ukweli unaweza kuwa asilimia 4, na unaweza kuwa 20.

Sasa fikiria umechukua wale 64, ukaondoa wa mjini, ukaondoa wanawake, ukaondoa waliozidi miaka 35. Umebaki na watu wa kujaa matatu moja. Hao hawawezi kukwambia lolote kuhusu vijana wa kaunti.

Gawa wale wale 3,000 kwa maeneo manane na kila eneo linapata watu 375. Ukingo unashuka hadi pointi 3.3 hivi: kati ya 9 na 15. Hiyo inasemeka. Hii ndiyo sababu ripoti huishia kwenye maeneo: chini ya hapo hesabu haishiki.

Tena huo ni ukingo wa hesabu nyepesi. Tafiti hizi huchagua vijiji kwanza, halafu nyumba ndani ya kijiji, na majirani hufanana, kwa hiyo ukingo halisi huwa mpana zaidi.

Kila unapotaka kutumia jedwali, tafuta idadi ya waliohojiwa katika mstari ule. Kama ni chini ya mia moja, mimi huiacha, au huitaja nikisema wazi ni wachache.

## Hatua ya 5: Geuza asilimia kuwa watu

Mfadhili hataki asilimia, anataka kujua ni watu wangapi. Hapa unahitaji sensa ya 2019. Ilihesabu watu 47,564,296, na zaidi ya thuluthi mbili yao wanaishi mashambani. Juzuu ya II inafika hadi lokesheni ndogo, na Juzuu ya III inagawa watu kwa umri na jinsia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kama kaunti ndogo yako ina watu 40,000 wa miaka 15 hadi 65, na unatumia asilimia 12.2 ya taifa, unapata 4,880. Usiandike "watu 4,880 wanakunywa pombe". Andika "kama kiwango cha hapa kingekuwa sawa na cha taifa, wanywaji wangekuwa takriban 4,900". Neno hilo "kama" linabeba kazi yote.

Kosa la kawaida ni kuzidisha asilimia ya watu wazima na idadi ya watu wote, watoto wachanga wakiwemo. Nimeona ombi la ufadhili ambalo kwa hesabu hiyo lilikuwa limewahesabu hata wanafunzi wa chekechea. Umri wa sensa na umri wa utafiti lazima ulingane.

Na kabla hujaita mahali "mashambani", angalia sensa inapaitaje. Kiambu, ambako wengi wetu huenda kula Krismasi kwa shangazi shambani, sensa ya 2019 iliwaweka wakazi wake wengi upande wa mjini.

## Hatua ya 6: Soma nyayo, si watu tu

Tafiti za nyumba kwa nyumba zina udhaifu mmoja mkubwa: mtu anaulizwa na mgeni kama anavuta bangi, kitu kinachoweza kumpeleka kortini. Wengine hukana. Kwa hiyo tafuta nyayo ambazo kileo huacha mahali pengine.

Hospitali. Vituo vya afya hutuma taarifa kila mwezi kwenye mfumo wa kitaifa wa KHIS. Wagonjwa wa nje waliozidi miaka mitano huingia kwenye fomu ya MOH 705B, ambayo ina mstari wa magonjwa ya akili. Mfumo unahitaji akaunti, lakini afisa wa rekodi za afya wa kaunti au kaunti ndogo anaweza kukutolea jumla. Kumbuka aliyeanguka na pikipiki akiwa mlevi ataandikwa chini ya ajali, si pombe. Na mahali zahanati iko kilomita ishirini, nambari ndogo inaweza kumaanisha tu kwamba watu hawafiki. Fungua orodha kuu ya vituo vya afya nchini uone kuna vituo vingapi kabla ya kulinganisha kaunti mbili.

Mathari, hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili iliyo Thika Road, hupokea wagonjwa kutoka nchi nzima. Ukipewa takwimu zake, uliza kama zimegawanywa kwa kaunti anakotoka mgonjwa. Bila hivyo utahesabu Nairobi mtu wa Nyandarua.

Polisi. KNBS hutoa Economic Survey kila mwaka, na ndani yake mna jedwali la makosa yaliyoripotiwa, dawa za kulevya zikiwemo. Ila nambari hiyo inapima zaidi kazi ya polisi. Februari 2024, watu 17 au zaidi walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu huko Kangai, Kirinyaga. Msako ukafuata nchini kote. Anayetazama idadi ya waliokamatwa mwezi uliofuata, akasema ulevi umeongezeka, amepima magari ya polisi. Nayo pombe ya Kangai ilisemekana kuwa kielelezo kilichoibwa kutoka kituo cha polisi, jambo ambalo hakuna jedwali lina safu yake.

Leseni. Hiki ndicho chanzo ninachokipenda kuliko vyote, na karibu hakuna anayekitumia. Utoaji wa leseni za pombe uko mikononi mwa kaunti. Kila kaunti inapaswa kujua ina baa ngapi, "wines and spirits" ngapi, na ziko wapi. Idadi ya leseni kwa kila watu elfu moja katika kaunti ndogo ni nambari ya kweli, ya mahali pako hasa, na haihitaji mtu akiri lolote. Haitakwambia chochote kuhusu chang'aa inayouzwa nyuma ya nyumba, lakini hiyo hakuna anayeipa leseni.

## Hatua ya 7: Andika ombi rasmi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu hupiga simu, huambiwa "njoo kesho", na kesho haiishi. Acha kupiga simu. Andika.

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kuongeza 14 mara moja tu ikiwa na sababu. Kama habari iko kwa ofisi nyingine, ni wajibu wao kuhamisha ombi ndani ya siku tano. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya nakala. Sheria inasema waziwazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo asikutishe mtu.

Barua iwe fupi. Yangu huwa hivi:

"Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba idadi ya leseni za kuuza pombe zilizotolewa katika kila kaunti ndogo, kwa kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, zikigawanywa kwa aina ya leseni. Na idadi ya maombi yaliyokataliwa katika kipindi hicho. Sihitaji majina wala anwani za wenye leseni. Naomba majibu kwa barua pepe, katika lahajedwali kama lipo."

Tazama kilichofanyika. Nimeomba kitu ambacho ofisi inacho tayari, kwa miaka iliyotajwa. Sikuomba "maelezo kuhusu hali ya ulevi", kwa kuwa hayo yangewalazimu kufanya utafiti, na hakuna atakayeufanya. Nimeondoa majina mapema ili afisa asipate kisingizio cha siri.

Peleka nakala mbili, wagonge muhuri wa kupokea kwenye yako. Muhuri huo ndio unaoanzisha hesabu ya siku. Ukikosa jibu zikiisha, sheria inachukulia kwamba umekataliwa, nawe una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, iliyo West End Towers, Waiyaki Way. Mara nyingi kutaja tu kwenye barua ya ukumbusho kwamba unajua njia ya kwenda huko kunatosha.

Utajuaje umefaulu: una karatasi yenye muhuri na tarehe. Jibu la "hatuna takwimu hizo" pia ni mafanikio. Kaunti isiyojua ina baa ngapi imekupa habari ya kuandika.

## Hatua ya 8: Panda gari uende, ikibidi

Ukishakusanya hayo yote na bado kuna pengo, basi ni safari. Kama ni utafiti wa kitaaluma, pata kibali cha maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwanza, halafu jitambulishe kwa ofisi ya kaunti na kwa chifu. Anayepita moja kwa moja hadi kijijini na dodoso mkononi huchukuliwa kuwa mpelelezi, na kusema kweli anafanana naye.

Chifu atakupa picha ya chifu. Ana kazi ya kupambana na pombe haramu, kwa hiyo eneo lake litakuwa safi kabisa, au limeoza kabisa, kulingana na anayemsikiliza. Msikilize kwa heshima, kisha nenda kwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Hao huingia nyumbani kwa watu na wanajua ni boma lipi watoto hawajaenda shule.

Usimuulize mama pima, muuza chang'aa, kama anauza. Atakwambia hajui hata harufu yake. Muulize mtu wa dukani glasi inauzwa bei gani siku hizi, na ilikuwa bei gani mwaka jana. Uliza watu huanza kunywa saa ngapi, na kama wakati wa kuchuna majani chai au kuuza mahindi hali hubadilika. Bei na majira husema mengi, na hayamfungi mtu.

Usiandike majina. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Daftari lenye "Fulani wa Fulani, huvuta bangi kila siku" likianguka kwenye matatu, umemwangamiza. Tumia namba, na orodha inayoziunganisha na watu, ikiwa lazima iwepo, ikae mahali pengine.

Utakutana pia na anayetaka msaada, pengine mama akiuliza mwanawe apelekwe wapi. Beba namba ya bure ya NACADA, 1192, na jina la hospitali iliyo karibu. Mtu hawezi kuchota maji kisimani kwa watu akakataa hata kuelekeza njia.

## Hatua ya 9: Andika bila kuzidisha chumvi

Kanuni yangu ni moja: kila nambari itembee na mwaka wake, umri wake na eneo lake.

Badala ya "ulevi umekithiri Busia, ambako asilimia 23.8 hunywa", andika hivi: "Utafiti wa NACADA wa 2022 ulikadiria kuwa asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65 katika eneo la Magharibi, linalojumuisha Busia na kaunti nyingine tatu, hutumia pombe. Utafiti huo hautoi nambari ya Busia peke yake." Chini yake weka mstari wa Busia kutoka KDHS, kisha idadi ya leseni uliyopewa na kaunti, kisha bei ya glasi. Jopo likiuliza umepata wapi, fungua lahajedwali kwenye safu ya ukurasa.

Hifadhi kila PDF kwenye diski yako siku hiyo hiyo unayoipakua, na uipe jina lenye mwaka. Tovuti za serikali hubadilishwa, na kiungo kilichofunguka Jumatatu kinaweza kuwa kimekufa kabla ya siku ya kutetea tasnifu.